Maua ya Udongo Dirishani kwa Reginaldi

Maua yalifika Louisville ndani ya boksi la ndizi, kila moja limeviringishwa kwenye gazeti la Buffalo, na mtu wa kwanza kuyaramba alikuwa Veridiana.

Naam, kuyaramba. Wenzake walikuwa wanayashangilia tu, wanayainua kwenye mwanga, wanasema lo, tazama hili. Yeye alichukua moja, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha likalia kama kikombe cha chai, halafu akagusisha ulimi upande wa nyuma ambako rangi haikufika. Ulimi ukanata.

"Udongo," akasema. "Udongo wa kweli, umechomwa. Mimi nilidhani plastiki."

"Dada, unaramba zawadi ya wakwe?" Reginaldi akamuuliza. Reginaldi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye mwenye nyumba. Siku hiyo alikuwa amevaa tai sebuleni kwake mwenyewe.

"Wakwe gani? Hata kujitambulisha hawajaja."

"Basi ramba nyuma, mbele usiguse."

Ilikuwa wiki ya Krismasi, mwaka 2014. Olivier Karaha, kijana wa Buffalo, alikuwa amekuja kumwona Nadine, binti wa Reginaldi na Florida, na boksi lile lilitoka kwa baba yake, mzee Salvatori. Mzee huyo hakuwa amewahi kuonana na familia hiyo. Aliambiwa tu na mwanawe kwamba nyumba ya akina Nadine, kule karibu na bustani ya Iroquois, ina madirisha matatu makubwa yanayotazama barabara, na kwamba madirisha hayo hayana kitu ila mapazia ya kugawiwa na kanisa. Akayafinyangia maua. Yalikuwa maua ya maharage, meupe yenye zambarau mdomoni, na maua ya maboga, ya njano, yamekunjuka kama yanasubiri nyuki. Hata vikonyo vilikuwepo, hata majani yenye matundu ya wadudu. Kila ua lilikuwa na vitundu viwili mgongoni vya kupitishia waya. Olivier alipanda juu ya kiti, akapigilia vikulabu kuzunguka fremu, kwa upande wa ndani ili baridi isiyapasue, mengine akayaning'iniza mbele ya kioo. Alipomaliza, mtu aliyepita nje aliona shamba limechanua katikati ya theluji. Mwanamke mmoja wa mtaani alisimama kutazama mpaka mbwa wake akaanza kumvuta.

Veridiana hakutoka dirishani. Alikuwa mjane, mwanamke mtu mzima, na hata kwenye ghala alikokuwa anafunga mizigo walimjua kwa kuuliza. Aliwahi kumuuliza msimamizi wake ile mashine inajuaje kwamba boksi limejaa, msimamizi akaenda kuuliza ofisini na hakurudi. Sasa alitaka kujua: rangi hii inang'aaje hivi? Inapakwa kabla ya moto au baada ya moto? Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye moto wa nyasi, kitu chembamba hivi kingekuwa vigae.

"Olivier, baba yako anachomea wapi?"

"Kanisani, shangazi."

"Kanisani!"

"Chini, kwenye stoo."

"Na padri anajua?"

"Padri ndiye aliyempa ufunguo."

Basi hilo nalo likaingia kichwani mwa Veridiana likakaa.

Mambo yalibadilika Januari, Mutware alipokuja kula. Mzee Mutware ndiye mkubwa wa Warundi wa upande ule wa mji. Hakuna ndoa inayopita bila yeye kuketi kiti cha mbele. Alimaliza wali, akasimama kunyoosha mgongo, akaenda dirishani kama alivyofanya kila mgeni. Akashika ua. Akaligeuza. Mgongoni mwa ua ilikuwepo alama ya kidole gumba cha aliyelifinyanga. Mutware aliweka gumba lake ndani ya alama ile.

"Nani amefinyanga hiki?"

"Baba yake Olivier," Florida akajibu kwa fahari, kwa maana ndiye mama wa binti.

"Amejifunzia wapi?"

"Sijui, mzee. Labda hapahapa Amerika."

"Hapana." Mutware alilirudisha ua kwenye kikulabu chake, akafuta kidole kwenye suruali. "Huku wanafundishwa kwa gurudumu. Hiki kimebanwa gotini, kwa gumba na maji. Huu ni mkono wa nyumbani. Na nyumbani, Reginaldi, wewe ni mtu mzima, anayefinyanga ni nani?"

Wote walijua. Kwao Burundi, udongo wa kufinyanga ni wa Batwa. Wengine hulima, hufuga, hupika maharage yao ndani ya chungu, hushiba, kisha humdharau aliyefanya chungu. Hawaoani naye. Hawaketi naye mkeka mmoja. Chombo kinachogusa mdomo wake hakigusi midomo yao.

Hapa pana la kusemwa, na lisemwe. Watu hawa, Mutware na Reginaldi na wote waliokuwa mezani, walifukuzwa nchini mwao kwa sababu kuna aliyewauliza ninyi ni akina nani, na jibu hakulipenda. Walikaa Tanzania miaka na miaka wakililaani swali hilo. Siku ya kupanda ndege walipewa mfuko mweupe wa plastiki, wa kutilia karatasi za hospitali na picha za eksirei, wakaambiwa wasiuachie hata msalani. Hawakuuachia. Na swali lile nalo walilitia humohumo, likapita viwanja vyote vya ndege salama, hakuna askari aliyelikagua.

Reginaldi akasema hatatoa jibu kwa watu wa Buffalo mpaka ukoo wao upelelezwe.

Nadine alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, kweli? Kwa sababu ya maua?"

"Si maua. Ni mkono."

"Mkono ni mkono."

"Mimi sijakataa. Nauliza tu."

"Na ukipewa jibu usilolitaka?"

Reginaldi akatazama sahani yake. Nadine aliweka mwiko mezani polepole, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ataolewa na Olivier, kwa baraka zao au bila baraka zao, halafu akaingia chumbani na wakamsikia analia. Na kila mtu pale alijua maana ya kuolewa bila baraka. Anaolewa mahakamani, mbele ya karani na mashahidi wawili, na tangu siku hiyo kwao hapamjui. Florida hakuwa na binti mwingine.

Kazi ya kupeleleza ukoo ni ya shangazi. Shangazi ndiye anayemtoa binti, na neno atakalorudi nalo halina mwingine wa kulipinga, hata Mutware. Veridiana alisema ndiyo kabla hawajamaliza kumwomba. Reginaldi alidhani dada yake anaitikia kwa ajili ya ukoo. Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu ya kuliona hilo tanuri la kanisani.

Alisafiri mwezi Machi, kwa basi, na akapumzika Columbus kwa Selpher. Huyu Selpher alikuwa Mkenya aliyekuja kusomea uhasibu akapata kazi kwenye kampuni ya bima. Olivier aliwahi kuishi mji huo, na walikuwa wakiimba pamoja kwenye misa ya Kiswahili, kwa hiyo Nadine alimtaja kama mtu wa kuulizwa. Dirishani kwa Selpher, ghorofa ya tatu, palikuwa na ua moja tu la udongo, la boga, kubwa kama kiganja. Limening'inia peke yake katikati ya kioo.

"Auntie, hata hujakalia kiti umeshika ua," Selpher akasema. "Olivier alinipea nikimaliza shule. Enyewe ni kitu safi."

"Baba yake unamjua?"

"Kwa simu tu. Huyo mzee ni wa mzaha sana."

"Na ukoo wao?"

"Ukoo aje?"

Veridiana akaanza kueleza. Alianza vizuri, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kwetu, akasema, kuna watu wanaofinyanga na kuna watu wasiofinyanga, na hawa wasiofinyanga hawaoani na wale wanaofinyanga. Alipofika hapo alijisikia mwenyewe. Hakuwahi kulisema jambo hili kwa mtu asiyelijua. Mbele ya wanaolijua huwa halisemwi kabisa, linatikiswa kichwa tu na watu wanaelewana.

Selpher alikuwa ameacha kukoroga chai. "Ngoja, auntie. Mnakataa kijana juu babake anajua kutengeneza nyungu?"

"Si juu ya nyungu."

"Sasa ni juu ya nini?"

"Ni kwamba wao ni Batwa."

"Na mnajuaje ni Batwa?"

Veridiana alifikiri. "Kwa nyungu."

Selpher alicheka mpaka akashika meza. "Aki Mungu wangu! Nyanya yangu kule Nyakach alikuwa mfinyanzi. Watu walikuwa wanamjia na punda kutoka mbali. Na vile huyo mama alikuwa anaringa! Ukimwongelesha vibaya unarudi kwenu bila nyungu, utachota maji na viatu. Kumbe angezaliwa kwenu angekosa hata bwana!"

"Hebu niambie," Veridiana akasema, kwa sababu hakuweza kujizuia, "alikuwa anachomea nini?"

"Nyasi na mavi ya ng'ombe. Auntie, wewe umetumwa kupeleleza ama unasomea hii kazi?"

Kutoka Columbus basi lilielekea Cleveland, kisha likashika njia ya kando ya ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa limeganda, jeupe mpaka macho yanakoma. Veridiana alikuwa na kiti cha dirishani lakini hakuliona. Alikuwa anamwona Mukashyaka.

Mukashyaka alikuwa mwanamke aliyepita mtaani kwao, kwenye makazi ya wakimbizi, na vyungu vitatu kichwani, kimoja ndani ya kingine. Mama yake Veridiana alikuwa hanunui kwa mwingine. Walikuwa wakiongea vizuri, wakicheka, wakipeana habari za mvua. Kisha Mukashyaka huomba maji, na mama huenda ndani, hurudi na kata ya maji, na Mukashyaka hupiga magoti, huweka viganja pamoja chini ya kidevu, na mama humimina kutoka juu, kama anamwagilia mche. Veridiana alikuwa mtoto. Aliuliza, mbele ya mgeni, "Mama, kwa nini hapewi kikombe?" Alipigwa kofi, sikio likalia hadi kesho yake. Hakujibiwa. Amekua, ameolewa, amezika mume, amevuka bahari, na hakuna aliyewahi kumjibu. Labda maswali yake yote, ya mashine, ya rangi, ya moto, yalikuwa watoto wa lile moja lililokatwa na kofi.

Mzee Salvatori alimpokea kituoni Buffalo akiwa bado na buti za kiwandani. Alikuwa anafanya kazi ya kupaka rangi vyuma kwenye kiwanda cha huko Tonawanda, na alitoka zamu moja kwa moja. Veridiana alijikuta anamkagua mwili, anatafuta kitu ambacho hata yeye hakukijua, na akaona haya. Batwa husemwa ni wafupi, na mzee huyu alikuwa mrefu kuliko Mutware.

"Karibu, shangazi wa watu. Umeletwa na basi au umeletwa na swali?"

"Vyote viwili, Baba Olivier."

"Basi tuanze na kipi? Nyumbani, au tanuri? Olivier ameniambia wewe ni mgonjwa wa tanuri."

"Tanuri," Veridiana akasema. Hakutia hata adabu ya kusitasita.

Chini ya kanisa palinuka nta na unyevu. Zamani palikuwa na shule ya parokia, ikafungwa, watoto wakaondoka, na tanuri la umeme likabaki, mviringo, limesimama kama pipa lenye mfuniko. Salvatori alilifunua akamwonyesha nyaya zilizojipinda ukutani ndani. Veridiana aliingiza kichwa. Akauliza, na mzee akajibu, na kila jibu lilizaa swali lingine. Ua linachomwa mara mbili. Mara ya kwanza linatoka kavu, lisilo na sura. Kisha linachovywa kwenye kitu kama uji wa kijivu. "Hii ndiyo zambarau?" Veridiana akauliza, akauchungulia uji. Ndiyo hiyo, mzee akasema. Inalala kijivu, inaingia motoni, inageuka kioo, na kesho ukifungua mfuniko ni zambarau.

"Nani aliijua kwanza? Nani aliangalia uji huu akasema humu mna zambarau?"

"Mimi nilisoma kwenye kopo," Salvatori akasema. "Ila udongo sikusoma kwenye kopo."

Akaketi, akatandaza gunia juu ya goti, akachukua donge. Gumba lake likaingia, likazunguka, maji kidogo, likabana, likavuta, na petali ikatoka kama inatoka usingizini. Veridiana aliomba donge lake. Petali yake ya kwanza ilichanika, ya pili ikalegea ikalala.

"Unalikaba," mzee akamwambia. "Lishike kama unamshika mtoto sikio umtanie, si kama unampeleka kwa mwalimu."

Nyumbani kwake palikuwa North Buffalo, nyumba ya wapangaji wawili, mmoja juu, yeye chini. Hakukuwa na dirisha lisilo na maua, hata kile kidirisha cha bafuni kilikuwa na mnyororo wa maua ya maharage. Alikuwa anakaa peke yake. Mkewe alifariki, na Olivier alikuwa amehamia upande mwingine wa mji. Alimketisha mgeni, akamwekea mezani soda ya kopo, maji ya chupa na biskuti za paketi.

Veridiana alivitazama vitu vile. Kopo halijafunguliwa. Chupa ina muhuri wake. Paketi imefungwa. Hapakuwa na glasi wala sahani, na kwa muda hakuelewa mwenye nyumba gani mkarimu hivi anayesahau glasi. Kisha akaelewa.

"Umeniwekea vilivyofungwa."

"Ili usipate taabu ya kukataa kikombe changu," Salvatori akasema kwa upole, kama anayeeleza mahali pa kutundika koti. "Mama yangu alikuwa akifanya hivyo kwa ndizi. Ndizi ina ganda, kila mtu anaweza kuipokea. Haya, shangazi. Umezunguka vya kutosha. Uliza ulichotumwa."

"Ninyi ni Batwa?"

"Ndiyo."

Ni hilo tu. Lilikuwa neno dogo mno kwa safari ndefu namna ile. Salvatori alisugua udongo uliokauka kwenye kucha zake akaendelea mwenyewe.

"Kambini sikugusa udongo hata siku moja. Akiniuliza mtu, nilimpa jibu ambalo yeye angelipenda. Nilioa hivyohivyo. Mama yake Olivier alikufa hajui alilala na nani. Nilipofika hapa, padri akanituma stoo nikalete viti, nikaliona tanuri. Nikasema, sitafinyanga chungu, nitafinyanga maua. Kwetu hakuna aliyewahi kufinyanga ua. Nani atajua?"

"Mutware amejua."

"Mutware!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyo lazima ajue. Tulizaliwa mlima mmoja. Amekula ndani ya vyungu vya mama yangu tangu hajaota meno, alama za gumba la mama alikuwa anaziramba pamoja na mchuzi. Nilijua yuko Louisville. Olivier aliponiomba zawadi, ningeweza kutuma blanketi. Nilifikiri sana. Nikasema, huyu kijana asioe kwa kujificha kama nilivyooa mimi. Lakini mdomo ulinishinda. Nikatuma maua, nikajua Mutware atayasoma."

"Na Olivier anajua?"

"Nilimwambia siku anafunga boksi. Unajua alisemaje? Alisema, 'Kwa hiyo?' Basi. Umri wangu wote naogopa, mtoto ananiambia kwa hiyo." Alitikisa kichwa. "Ukitaka, rudi useme hukupata jibu. Sitakukasirikia. Nadine ni binti mzuri, watapita mahakamani, maisha yataendelea."

Watu wa namna ya Mutware wangesema huo ndio ustaarabu: jambo lifunikwe, kila mtu arudi kwake. Vitu vingi vimefunikwa hivyo, na waliofunikwa pamoja navyo hawahesabiki. Lakini mtu aliyepigwa kofi kwa kuuliza, akaishi na swali lake tangu utotoni, hawezi kutumwa mbali hivi, apate jibu, kisha arudi nyumbani aseme hakulipata.

Veridiana aligeuka. Kwenye kona, karibu na chuma cha kupasha joto, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa.

"Kile nini?"

"Kile si cha wageni."

"Sijauliza ni cha nani."

"Chungu. Mtama nanunua duka la Wahindi. Huwa natengeneza pombe kidogo, nakunywa mwenyewe, naongea na mama yangu."

"Una mirija miwili?"

Salvatori hakusogea. "Shangazi, sheria unaijua. Aliyetumwa kupeleleza hali wala hanywi. Akinywa, ameshakubali kwa niaba ya wote waliomtuma."

"Sheria hiyo mimi ndiye niliyefundishwa, si wewe. Nimeuliza mirija."

Mzee alikileta chungu akakiweka sakafuni katikati yao, akaleta na mirija miwili. Kilikuwa cheusi, tumbo la mviringo, shingo fupi. Waliinama pamoja, na kwa kuwa chungu kilikuwa cha mtu mmoja, vipaji vya nyuso viligongana. "Pole," akasema huyu. "Pole wewe," akasema huyu. Wakanywa. Pombe ilikuwa nzito, chachu kidogo, na ya joto. Veridiana alinyoosha simu mkono wote, akapiga picha: vichwa viwili, mirija miwili, mdomo mmoja wa chungu. Akaituma kwenye kundi la ukoo la simuni, ambamo Mutware naye alikuwemo, akaandika chini yake: *Ni Batwa. Nimekunywa. Ni tamu.*

Kisha simu ikaonyesha kwamba mzee Mutware ameondoka kwenye kundi. Kisha Reginaldi akapiga. Veridiana aliweka sauti kubwa, simu akailaza mezani karibu na lile kopo la soda.

"Dada, umefanya nini?"

"Si umeona picha?"

"Mutware ametoka! Sasa hivi ananipigia kwenye simu ya Florida."

"Usipokee."

"Watu wa kanisani watasemaje?"

"Kanisani?" Veridiana akasimama kabisa, kana kwamba mdogo wake yuko pale mbele yake. "Wewe Reginaldi, kila Jumapili unapanga mstari unakunywa kikombe kimoja na Wameksiko, na Wavietinamu, na yule babu wa kikohozi, hujawahi kumuuliza hata mmoja ukoo wake. Wote kikombe kimoja! Mimi nimekunywa na mtu mmoja tu, unaniuliza kanisa litasemaje?"

Salvatori aliangalia dari ili asicheke.

Kutoka Louisville ilisikika televisheni inatangaza mpira wa kikapu. Kisha Reginaldi akasema kwa sauti ya chini, ile ya utotoni, "Mimi simkatai Olivier. Naogopa tu kuwa wa kwanza."

"Wa kwanza ni mimi. Nimeshamaliza. Wewe ni wa pili, unaogopa nini?"

Kukasikika purukushani, simu ikahama mkono.

"Wifi?" Ilikuwa Florida.

"Naam, wifi."

"Ni ya mtama kweli hiyo?"

"Mtama mtupu."

"Mimi sijaionja tangu tutoke kambini." Florida alivuta pumzi, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa kazi. "Sikia. Mwambie mkwe waje Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Reginaldi yuko hapa ameshika kichwa, lakini hajasema hapana, na mimi namjua huyu: nikiwasha jiko kabla hajasema hapana, basi amekubali, na jiko nimeshawasha. Waje na hiyo pombe, ya kutosha watu. Na wewe acha kuimaliza."

Simu ikakatika. Salvatori alikuwa ameshika mrija wake wima, kama mshumaa.

"Amesema mkwe?"

"Amesema mkwe."

Mzee alikaa na neno hilo. Halafu akainuka ghafla, akatafuta koti, akalivaa mkono mmoja kwanza, akasimama katikati ya chumba. "Ukoo wenu ni watu wengi?"

"Wengi, na wanywaji. Kwa nini?"

"Hiki ni chungu cha mtu mmoja. Nikifinyanga kingine leo, kinahitaji kukauka polepole, Pasaka iko karibu." Alikuwa tayari mlangoni, anatikisa ufunguo wa kanisa.

"Ngoja!" Veridiana alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini ya kiti akitafuta kiatu cha pili. "Kikubwa hivyo unaanzia wapi, chini au mdomoni? Na kitaenea vipi kwenye lile pipa? Baba Olivier! Usianze bila mimi!"